Mama Yuko kwa Tanuri

Jumapili, 1 Desemba

Tumehamia. Daktari wa Mama alinitaka niwe naandika kila siku: kala nini, kalala vipi, kanijua au hakunijua. "Mistari miwili mitatu, usiniandikie riwaya," alisema. Basi haya: kanywa chai na mkate, kalala mchana, kanijua.

Vyumba ni viwili, uani kwa mwenye nyumba, na joto la humo ndani ni la kukausha samaki. Dirisha la Mama linatazama ua wa jirani, mwanamke mwoka mikate. Sijafungua hata sanduku la kwanza, alishafika na mkate wa moto ndani ya kitambaa. Mtaa mzima unamwita Tanuri. Ni wa rika langu, mwembamba kwa mtu anayeshinda na unga, mikono ina makovu ya kuungua mpaka viwikoni. Mimi alinisalimia juu juu. Kisha akapiga magoti mbele ya Mama, akamshika mikono yote miwili, akamwamkia, na akabaki hivyo hivyo, hasimami.

"Mama yako?" akaniuliza bila kunitazama.

"Mama yangu. Anasahausahau kidogo."

"Najua," akasema.

Jioni hii ndiyo nimekaa nikajiuliza, alijuaje?

Jumanne, 3 Desemba

Siku ya kwanza saluni. Bosi kanipa kiti cha karibu na mlango na onyo moja: msimu huu hakuna kuugua wala kuuguza. "Mwezi huu hata wenye vipara watataka kusukwa," kasema. Nilitaka kumlipa binti wa kumshindia Mama, Tanuri akakataa katakata. "Nenda kazini, dada. Mimi siku nzima niko hapa hapa, natazama unga uumuke. Mama atanisaidia kuutazama."

Nimerudi nikamkuta Mama kaoga, kapakwa mafuta, anacheka. Kala vizuri. Kanijua.

Alhamisi, 5 Desemba

Kala. Kalala. Kanijua.

Jumamosi, 7 Desemba

Leo zimewashwa taa za mtaa. Mwenye nyumba wetu ndiye mwenyekiti wa kamati ya sherehe, mzee mwenye tumbo la heshima na kipaza sauti ambacho hakimwachi hata anapokohoa. Ametangaza ratiba nzima: leo taa, wiki ijayo mashindano ya keki, kisha kwaya, kisha michezo ya watoto, na siku ya mwisho wa mwaka maandamano ya mavazi kutoka uwanjani mpaka sokoni. Watu wamepiga makofi kwa kila neno, hata aliposema choo cha uwanjani kimeziba.

Sijawahi kukaa mtaa nikapewa kiti kabla sijaomba. Leo tumetengewa viti viwili mbele. Kimoja alikaa Mama, kingine akakaa Tanuri, mimi nikasimama nyuma yao na sikuona vibaya, miguu imeshazoea. Taa zilipowaka, nyekundu na njano kutoka nguzo hadi nguzo, Mama alishika mdomo kama mtoto. Nilifurahi mpaka nikalengwalengwa na machozi. Nilijiambia, hapa tutaishi.

Kitu kimoja tu. Mama wa cherehani, yule ambaye kila mtu anamwita Fundi, alikuwa anapiga makofi kama wengine. Macho yake yalipofika kwenye mkono wa Mama ndani ya mkono wa Tanuri, akaacha. Akaondoka kabla ya wimbo.

Kala keki. Kanijua.

Jumanne, 10 Desemba

Joto halipungui. Mawingu yanakuja mchana, yanakaa, yanaondoka bila kudondosha hata tone.

Usiku Mama kaniuliza, "Paka kala?"

"Paka gani, Mama? Hatuna paka."

"Mweupe. Analala kwenye gunia la unga."

Asubuhi nikamuuliza Tanuri kama ana paka. Akafuta mikono kwenye aproni taratibu. "Alikuwepo," akasema, akarudi ndani.

Alhamisi, 12 Desemba

Kala, kwa Tanuri. Kalala, kwa Tanuri. Kanijua, lakini baada ya kunitazama muda mrefu.

Jumapili, 15 Desemba

Mashindano ya keki. Mama kafanywa jaji! Tanuri ndiye aliyempendekeza na hakuna aliyepinga. Walimvika kofia ya karatasi, akaonja keki zote na zote akazipa ushindi, watu wakavunjika mbavu. Mimi nilikuwa nimekaa na wateja wangu wawili wa saluni, tunasengenya kama watu waliosoma pamoja. Nilikuwa na raha.

Akaja mzee mmoja mwenye fimbo, akasimama mbele ya Mama, akavua kofia. "Bibi," akasema, "umerudi?"

Mke wake alimfinya mkono, mimi nikaona. "Macho yake mabovu," akaniambia, "msamehe." Lakini mteja wangu mmoja akaanza kuokota makombo ya keki kwenye sketi yake, moja moja, mpaka yakaisha, na bado akawa anaokota.

Nikamuuliza, "Alimfananisha na nani?"

"Sijui, dada. Wewe chukua keki."

Jumatatu, 16 Desemba

Wateja kumi na kitu. Vidole havinyooki. Nimefika nyumbani, chumba kitupu. Nilipiga kelele. Mwenye nyumba kachungulia, kanijibu kama mtu anayetaja saa: "Mama yuko kwa Tanuri."

Kila mtu mtaani analisema hivyo. Dukani, bombani, getini. Mama yuko kwa Tanuri. Hakuna anayeona ajabu.

Jumatano, 18 Desemba

Bosi kafunga mapema kwa sababu umeme umekatika. Nimepita uani kwa nyuma, na kabla sijafika dirisha la Tanuri nikasikia sauti yake, ya upole, ya mwalimu wa chekechea.

"Tena. Nyumba yetu ina mlango wa rangi gani?"

"Kijani," Mama akajibu.

"Vizuri. Ukipotea unamwambia mtu nini?"

"Nipeleke kwenye mlango wa kijani."

"Na mimi ni nani?"

Nilishika ukuta. Ukuta ulikuwa wa moto kwa lile tanuri lake lililo upande wa pili.

"Na mimi ni nani, Mama? Tumesema jana."

"Wewe ni mwanangu," Mama akasema.

Mlango wetu si wa kijani. Mlango wetu hauna rangi kabisa, ni mbao tupu.

Nikabisha. Tanuri akafungua akitabasamu, pua ina unga. "Umewahi leo! Tulikuwa tunacheza mchezo wa kumbukumbu. Nasikia unasaidia." Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikasema asante. Ningesema nini? Mama alikuwa msafi, kashiba, ana furaha. Kwangu hawi na furaha hivyo. Kwangu mimi huwa nimechoka.

Hakunijua mpaka nilipomvua viatu.

Ijumaa, 20 Desemba

Nimetoka kwenye kwaya sasa hivi.

Tanuri alisema atamvalisha Mama yeye na watatukuta uwanjani. Nilifika na wenzangu wa saluni, tukakaa. Kwaya ya wanawake ilikuwa katikati ya wimbo wa pili walipoingia. Mama alikuwa amevaa gauni la bluu lenye kola nyeupe ambalo silijui, na kilemba kimefungwa kwa namna ambayo Mama hajawahi kufunga maishani mwake, fundo kubwa upande wa kushoto. Alitembea polepole, mkono kwenye mkono wa Tanuri, anainamisha kichwa huku na huku kama mwenye shughuli.

Sauti za nyuma zikakatika kwanza. Halafu za mbele. Mwongoza kwaya alikuwa ametupa mgongo, hakuona, akaendelea kupunga mikono kuwaongoza watu ambao hawaimbi tena. Mwanamke mmoja wa safu ya kwanza akaweka karatasi za nyimbo chini, akatoka anakimbia, analia.

Tanuri akamkalisha Mama, akamnyoosha kola. Akainua uso akatutazama wote, safu kwa safu. Sikuona hasira usoni mwake. Alikuwa kama mtu anayehakikisha kwamba wote wamefika.

Mwenyekiti akasema kwenye kipaza sauti, "Endeleeni, akina mama, endeleeni." Wakaendelea. Hakuna aliyeniambia kitu. Nilipowauliza wenzangu wa saluni lile gauni ni la nani, mmoja akasema kesho ana kazi nyingi bora akalale.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimefua. Kwenye pindo la kila nguo ya Mama, hata za kulalia, kumeshonewa kipande kidogo cha kitambaa cheupe, na juu yake, kwa uzi mwekundu, namba ya simu. Si yangu.

Nilivuka ua na ndoo mkononi.

"Hii nini?"

Tanuri hakubabaika. "Namba yangu."

"Kwenye nguo za mama yangu?"

"Wewe uko saluni, simu umeifungia kwenye droo, bosi wako hataki mlio. Mama akitoka akapotea, nani atapigiwa?" Akanisogelea. Ananuka mkate, harufu ambayo mwanzoni niliipenda. "Niambie, dada. Simu italia kwenye droo, nani ataisikia?"

Alisema kweli, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi. Nikamwambia kuanzia leo Mama hakanyagi kwake. Akanitazama kwa huruma. Ile huruma iliniogopesha kuliko kama angenitukana.

"Siku kumi tu," akasema. "Ngoja maandamano yapite. Baada ya hapo mchukue."

Jumapili, 22 Desemba

Nimekwenda kwa Fundi. Chumba chake kimejaa mavazi ya maandamano, mabawa ya kitambaa, vichwa vya wanyama vinaning'inia kwenye misumari. Hakuacha kushona. Nikakaa kwenye kigoda nikamwambia siondoki mpaka aniambie.

"Alikuwa na mama yake," Fundi akasema hatimaye. "Anasahau kama wako. Gauni lile la bluu nilishona mimi. Mwaka jana, siku ya maandamano, Tanuri alikuwa na meza yake ya mikate pale sokoni. Akamwambia mama, kaa hapa, usitoke. Wateja wakasongamana. Kugeuka, kiti kitupu."

Mguu wake ukawa unakanyaga cherehani bila nguo chini ya sindano.

"Walimpata siku ya tatu kwenye mtaro mkubwa, nyuma ya kiwanda. Mvua ilikuwa imenyesha."

"Na hakuna aliyemwona akitoka?"

Hapo cherehani ikasimama.

"Mwanangu, kila mtu alimwona. Alipita mtaa mzima, kutoka sokoni mpaka barabara ya kiwandani. Kila mtu alimwona na kila mtu alimwamkia. Shikamoo bibi, marahaba. Kila mmoja akadhani yuko na mtu."

Nikaelewa kwa nini tunatengewa viti. Nikaelewa zile keki, makofi, na ukarimu wote niliokuwa nauandika humu kama mjinga. Walikuwa wamemlipa Tanuri kwa mama yangu.

"Alipokuja wako," Fundi akasema, "Tanuri akaanza kula tena. Akaanza kulala. Tukasema tumwache tu, anapona. Ni msimu wa sikukuu."

Jumatatu, 23 Desemba

Nimeomba ruhusa kazini. Bosi kanipa siku tatu na uso wa kunifukuza ya nne.

Jumanne, 24 Desemba

Mama kasimama dirishani tangu asubuhi, anaita. Kule ua wa pili hakuna anayeitika. Hakula. Hakunijua.

Jumatano, 25 Desemba

Sikukuu. Muziki kila nyumba. Nimepika, nimemvalisha gauni lake mwenyewe, nimemsuka mistari anayoipenda. Mlangoni nimekuta mkate umefunikwa, wa moto bado. Nimeutupa. Mama kaniona nautupa, kalia kwa kwikwi, kaniita mwizi.

Ijumaa, 27 Desemba

Nimerudi kazini. Mama nimemkabidhi Fundi; amekubali kabla sijamaliza sentensi. Anampa vifungo vya kupanga kwa rangi, naye anapanga. Nilipomchukua jioni, shingo imekakamaa kwa kazi, Fundi alisema, "Tanuri amepita mara mbili. Hasemi kitu. Anaangalia tu kama mlango umefungwa."

Jumapili, 29 Desemba

Michezo ya watoto. Hatukwenda. Mawingu meusi, hewa imeganda. Kutoka dirishani namwona Tanuri anapigilia mbao kwenye kidirisha cha stoo yake. Nikamuuliza kwa mbali anafanya nini. "Panya," akasema, na misumari mdomoni.

Jumatatu, 30 Desemba

Kala kidogo. Kalala kidogo. Kanijua! Kaniuliza kwa nini nimekonda.

Jumatano, 1 Januari

Jana sikuandika. Naandika leo kwenye benchi la zahanati, Mama yuko ndani na kinyago cha hewa usoni. Yuko hai. Nimeliandika hilo kwanza ili mkono wangu uweze kuendelea.

Jana asubuhi nilimpeleka Mama kwa Fundi kama kawaida. Saluni ilikuwa vurugu, wasichana wote wa maandamano wanataka nywele, bosi anapiga kelele, umeme unakwenda na kurudi. Adhuhuri mvua ikaanza, ile mvua iliyokuwa inatudanganya mwezi mzima, ikashuka kwa ndoo, na baridi ikaingia ghafla. Tulidhani maandamano yataahirishwa. Mwenyekiti akapita na kipaza sauti chini ya mwavuli: hakuna kuahirisha, mvua ni baraka.

Mvua ilipopungua nikaomba dakika chache nikampelekee Mama sweta. Nimefika kwa Fundi, amekaa peke yake, vifungo vimemwagika sakafuni.

"Mama yuko wapi?"

"Amekuja kumchukua." Hakuweza kunitazama. "Ningemkataliaje, mwanangu? Alinishika miguu. Akasema leo tu. Wewe mgeni, hujui alivyolia mwaka jana."

Nilikimbia mpaka mlango wa kijani. Umefungwa kwa kufuli. Nikaita, nikagonga, hakuna sauti, na barabarani ngoma zimeshaanza. Nikakimbia sokoni.

Tanuri alikuwa nyuma ya meza yake, mikate imepangwa kwa safu, aproni nyeupe safi, anampa mtu chenji. Kila kitu kama kawaida. Mbele yake watu wamejaa na mabawa yao yaliyolowana, wanacheka.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko salama."

"Wapi?"

"Nyumbani." Akanitabasamia kwa utulivu kabisa. "Nimemfungia. Mwaka huu hatoki. Usihofu, dada, furahia sherehe. Yakishapita nitamfungulia."

Nikamwomba ufunguo. Akaweka kiganja juu ya mfuko wa aproni. Nikanyoosha mkono, akarudi nyuma, akakishika kile kiganja kwa kile kingine, na uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu aliyeegemea mlango kuzuia maji. "Hapana. Hapana. Wakifungua anatoka. Mnamjua, akiona mlango wazi anatoka."

Nilimrukia. Meza ikaanguka, mikate kwenye matope. Watu wakanishika mimi! Mwenyekiti akaja, akaniita dada, akasema nitulie, sherehe iishe, tutakaa tuzungumze kama watu wazima, mama si yuko salama? Nikawatazama. Wateja wangu. Wale wa viti vya mbele. Yule mzee wa fimbo. Wote wanatazama viatu vyao.

"Mtaniamkia na mimi mnipite?" nikapiga kelele. Sauti yangu sikuitambua.

Ndipo Fundi akapenya. Alikuwa amekuja nyuma yangu kwa miguu yake ile mibovu, mvua imemlowanisha. Hakumgusa Tanuri. Alisimama mbele yake tu.

"Mimi nilimwona mama yako," akamwambia. "Mwaka jana. Alipita mlangoni kwangu, amevaa lile la bluu, niliona hana viatu. Nikamwamkia. Nilikuwa na bawa la mtu nalimalizia, nikarudi kushona. Sikuwahi kukuambia."

Ngoma ziliendelea kule mbele.

"Hana viatu?" Tanuri akauliza.

"Hana."

"Nilimvalisha viatu. Nilimvalisha mwenyewe."

"Nipe ufunguo, mwanangu."

Aliutoa. Aliutoa kama mtu anayetoa jino.

Mama hakuwa chumbani. Alikuwa kwenye stoo ya unga, nyuma, ile ya kidirisha kilichopigiliwa mbao. Nilipofungua, joto lilinipiga usoni, joto lisilo na harufu kubwa, zito tu. Katikati ya magunia palikuwa na jiko la mkaa, limekolea, jekundu mpaka chini. Mama alikuwa amelala juu ya godoro jipya, mto chini ya kichwa, blanketi mpaka kidevuni, amevaa gauni la bluu. Nilimwita. Nilimvuta kwa makwapa, kichwa chake kinanesa kama cha mwanasesere. Fundi akashika miguu. Tulimlaza uani kwenye matope, mvua inamnyeshea usoni, nikawa nampiga mashavu na kumwambia maneno ambayo siyakumbuki. Midomo ilikuwa na rangi mbaya. Kisha akakohoa. Akatapika. Akafungua macho, akalalamika kwamba analowa.

Mzee wa fimbo ndiye aliyesimamisha gari. Mpaka sasa sijui jina la mwenye gari.

Asubuhi hii nimetoka nje ya wodi nikamkuta Tanuri kwenye benchi hili hili. Alikuja jana jioni, nesi kaniambia, na hakuondoka. Aproni bado ina matope.

"Mvua ilikuwa baridi," akaniambia. "Nilimwekea jiko asisikie baridi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali mwezi mzima. Nilikaa upande wa pili wa benchi. Tukakaa hivyo mpaka kaka yake alipokuja kumchukua.

Ijumaa, 3 Januari

Mama katoka zahanati. Mwenyekiti kaja na matunda kwenye kikapu, kakaa ukingoni mwa kiti.

"Nasikia polisi walikuhoji."

"Walinihoji."

"Tusikuze mambo. Kaka yake amemchukua, atakaa huko atibiwe. Mtaa huu ulikupokea vizuri, dada, na mkataba wa vyumba unaisha mwezi wa tatu..." Akaachia hapo, akachukua zabibu moja kwenye kikapu chake mwenyewe, akala.

Niliwaambia polisi kila kitu, na mwenyekiti pia nilimweka humo. Kwamba ataijua habari hiyo lini, shauri yake.

Jumapili, 5 Januari

Kala. Hakulala. Ananusa hewa dirishani, anauliza kwa nini leo hakuna mkate.

Jumatatu, 6 Januari

Kesho lazima nirudi kazini, bosi hatangoja tena. Fundi ameomba amshindie yeye. Nikamwambia hapana. Akatikisa kichwa, hakubishana. Wateja wangu wawili nao wamejitolea. Hapana. Simwamini mtu.

Nimenunua kufuli.

Jumanne, 7 Januari

Nilimwandalia kila kitu. Maji, chakula, redio, ndoo. Jiko hakuna, kiberiti hakuna, dirisha nimeacha wazi kwenye nondo. Nilipima kila kitu, nikajisifu. Nikambusu, nikatoka, nikafunga, nikavuta kufuli kuhakikisha. Nikavuta tena. Ufunguo nikauweka kifuani.

Nilifika kona ya duka. Muuza duka akaniamkia, akauliza mama hajambo, nikasema hajambo, na mikono yangu ilikuwa imekishika kifua, kiganja juu ya kiganja.

Nilirudi mbio.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya mlango, karibu kabisa, mkoba begani. Hakunijua, lakini alifurahi kuniona, kama mtu anavyomfurahia mgeni mwema.

"Umekuja kunifungulia?" akasema. "Ahsante sana, mama. Nimefungiwa humu."

"Nani amekufungia?"

Akatazama kushoto na kulia, akanisogezea mdomo sikioni.

"Binti yangu."

Nilichuchumaa kizingitini. Kisha nikamvalisha viatu, nikazifunga kamba mara mbili, nikamshika mkono, tukaenda saluni pamoja, polepole, katikati ya barabara. Bosi akipenda anifukuze. Kila mtu aliyetuamkia nilimsimamisha. Nilimwambia: huyu ni mama yangu, mtazame vizuri. Ukimwona peke yake usimwamkie ukapita. Mshike mkono, umkalishe, uniite.

Wote wamesema ndiyo, dada, bila shaka. Muuza duka, mzee wa fimbo, mwanamke wa kwaya, wote. Nimezitazama nyuso zao nilipokuwa nikiondoka, na sikuona hata mmoja ambaye mwaka juzi asingemwambia Tanuri hivyo hivyo.